Karanga za sukari, pika mwenyewe!

Jamani wadau, eti kupika karanga za sukari gheto ni ushamba? Ushamba ni kununua pakiti usiyojua ndani kuna nini. Sukari inaficha karanga mbovu, na sumukuvu haiishi kwa kukaangwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, tena kwenye mahindi, na karanga nazo inazishika hivyo hivyo.

Nenda Mbuyuni, nunua mbichi, chambua. Zilizosinyaa na zenye ukungu tupa, usione huruma! Karanga vikombe 2, sukari 1 (ya TPC, hapo chini tu), maji nusu, chumvi na pilipili kidogo. Koroga mpaka sukari ikauke kama mchanga, kisha iyeyuke tena izishike. Mwenye bumu la kuchezea aendelee na pakiti zake.