Jina la Mtoto: Baba Aarifiwe Kwanza

Mama asiyeolewa akitaka kubadili jina la mtoto, je, baba aarifiwe? Zamani katika Kenya swali hili halikuwa na uzito. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Kuandikisha Vizazi na Vifo kilikataza jina la baba asiyemwoa mama lisiandikwe, ila wote wawili waombe pamoja. Asiyemo daftarini angepelekewa barua na nani?

Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 53, yasema kwamba jukumu la kumlea mtoto ni la baba na mama sawasawa, wakiwa wameoana au hawakuoana. Na mwezi wa Mei, 2016, Mahakama Kuu iliamua kwamba Kifungu cha 12 chapingana na Katiba hiyo.

Basi mama anayebadili jina kwa siri aweza kuitwa mahakamani. Yafaa ampelekee baba barua, ataje jina la zamani, jina jipya na sababu, naye abaki na nakala. Kweli wapo akina baba wasiotoa hata senti moja ya karo, ambao sauti zao husikika siku ile tu jina la ukoo wao linapofutwa. Hao nao waarifiwe. Wakiwa na neno, walitoe mbele ya hakimu, wala si mlangoni kwa mama usiku.