Bunduki ya Kwanza ya Leva? Achana na .45-70

Wasee, leo sina stori ya filamu. Nina shida ya kifamilia.

Binamu yangu anaishi Texas. Dada yake mdogo, wako huko pamoja, ametimiza miaka 19 na amekuwa akiweka pesa tangu Januari ili anunue bunduki yake ya kwanza. Kabla mshtuke: kule watu huenda kuwinda kulungu na familia vile sisi hupanda gari Desemba tukaenda ushago. Na sheria yao inamruhusu mtu wa miaka 18 kununua bunduki ndefu dukani, bastola ndiyo angojee 21. Sasa wiki jana akanitumia ujumbe: "Kaka, nimeamua ni leva. Kaliba tu ndiyo sijachagua, lakini moyo unasema .45-70."

Moyo. Aki moyo!

Kwa wale hawajui, leva ni ile bunduki ya makauboi yenye kishikio cha chuma chini ya triga. Unakisukuma mbele, ganda tupu linaruka nje, unakirudisha, risasi mpya inaingia. Chak-chak. Kama umecheza Red Dead Redemption 2 umeitumia mpaka kidole kikauma. Kaliba nayo ni upana wa mtutu, ingawa watu wakisema kaliba huwa wanamaanisha aina nzima ya risasi: unene, urefu wa ganda, na baruti iliyo ndani.

Na tuelewane. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na ukipatikana na bunduki bila cheti unaenda ndani. Usije inboksi kuniuliza bei. Naandika kwa sababu karibu kila mmoja wetu ana mtu wake huko majuu, na wengine wao sasa hivi wamesimama dukani wakichagua kwa kutumia kumbukumbu za filamu.

Msimamo wangu ni huu: leva ya kwanza iwe .357 Magnum. Ukiwa na sababu ya kweli ya kupiga mbali kidogo, .30-30. Hiyo .45-70 ikae dukani.

Sijasoma hii mahali. Niliiona.

Novemba iliyopita nilikuwa kwao wiki tatu. Sikushika bunduki hata moja, na si uoga: sheria ya Marekani inamkataza mgeni mwenye viza ya kutembea kushika silaha, isipokuwa kwa sababu chache kama kuwa na leseni ya kuwinda, na mimi sikuwa nayo. Kazi yangu ilikuwa kubeba chai na tochi. Binamu yangu ana makaratasi yake yote, leseni, hata ile kozi ya wawindaji ambayo Texas humtaka kila mtu aliyezaliwa kuanzia Septemba 1971 aifanye. Na alikuwa na leva mpya ya .45-70 ambayo aliinunua, alikiri mwenyewe, kwa sababu ya Jurassic World. Ile ya 2015, Chris Pratt anazunguka na Marlin ya .45-70 akitafuta dinosa. Texas kuna joto, kuna nyoka, kuna nguruwe mwitu wengi ajabu. Dinosa hakuna.

Boksi la risasi 20 lilimtoka dola 50 na kitu. Tangu anunue hiyo bunduki alikuwa amepiga risasi 9. Tisa tu! Siku ya kwanza ilimwacha na bega la rangi ya zambarau, basi ikarudi kabatini, ikafungiwa, ikangoja msimu ufunguliwe.

Jioni hiyo tulikuwa kwenye kibanda cha kujificha, mahindi yamemwagwa huko mbele kuvutia wanyama (ndiyo, Texas inaruhusiwa). Kulungu jike akatokea, akasimama ubavu, mita 70 hivi. Mimi sikuwa naangalia kulungu, nilikuwa naangalia uso wa binamu yangu, na niliona macho yakifumba kabla ya mlio. Kabla. Risasi ikampata mnyama nyuma, tumboni, na akakimbia.

Tulimfuata na tochi mpaka saa saba usiku. Tone la damu, majani matupu, tone lingine. Mwenye shamba, mzee mpole sana, akatuambia tukalale. Alfajiri alitoka peke yake akampata amelala chini ya mti, bado anapumua, akammaliza. Hakutugombeza. Heri angetugombeza.

Mchana akamwita binamu yangu nyuma ya ghala. Akampa ile ile .45-70 ikiwa na risasi za kweli zilizochanganywa na za bandia, na hakumwambia ni ipi itakuja wakati gani. Ya kwanza ikalia, bega likarudi nyuma. Akakoki, akavuta triga tena, ikasema tik. Ya bandia. Lakini mdomo wa mtutu ulizama chini kama mtu ameusukuma. Hakuna mlio, hakuna teke, na bado mwili ulikuwa ushajikaza kungoja kipigo. Ikarudiwa, ni vile vile. Mzee hakusema kitu. Akaingia ndani akatoka na leva nyingine, ya .357, akaijaza risasi za .38 Special, akamwambia apige boksi lote mpaka liishe. Zilikuwa 50. Kufikia ya 30 hivi binamu yangu alikuwa anacheka, na kwenye karatasi ya shabaha matundu yalikuwa yamekaribiana kama mafiga.

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini wazee wa huko wanaipenda .357. Risasi hiyo ilitoka 1935 ikiwa ni .38 Special iliyorefushwa ganda na kuongezwa nguvu. Unene ni uleule. Kwa hivyo bunduki ya .357 kwa kawaida hula zote mbili: .38 ya bei nafuu na teke dogo siku za mazoezi, .357 kamili siku ya kuwinda. (Kinyume chake ni marufuku, usiweke .357 kwa silaha ya .38.) Boksi la 50 la .38 binamu yangu alilipata kwa nusu ya zile dola zilizomnunulia 20 za .45-70. Piga hesabu wewe mwenyewe, ni nani atakuwa anajua kulenga kufikia Novemba ijayo?

Halafu kuna jambo la mtutu. Kwa bastola, kichwa cha .357 cha gramu 10 hutoka na mwendo wa mita 375 hivi kwa sekunde. Kichwa hicho hicho kikipita kwenye mtutu mrefu wa leva kinaweza kuvuka mita 500, kwa sababu baruti inapata muda wa kusukuma. Kulungu wa Texas, mita 70 au 80, risasi nzuri ya kuwindia, mahali pazuri nyuma ya bega: inatosha. Ukivuka mita 100 hapo ndipo naanza kunyamaza.

Sasa linganisha. Kichwa cha kiasili cha .45-70 kina gramu 26 hivi. Ile sheria ya tatu ya Newton tuliyokariri sekondari bila kujua itatusaidia wapi, hapa ndipo iko: kila gramu inayoenda mbele inadai kitu kutoka kwa bega lako. Jeshi la Marekani liliichukua .45-70 mwaka 1873, wakati baruti ilikuwa ile nyeusi ya moshi na njia ya kuongeza nguvu ilikuwa kuongeza chuma. Si risasi mbaya. Ukiishi Alaska na dubu anapita nyuma ya nyumba, nunua. Lakini kwa msichana wa kilo 52 anayetaka kujifunza?

Majina nayo yasikuchanganye. Hizi namba za kaliba ni kama namba za matatu: unajua 111 ni ya Ngong kwa sababu uliambiwa, namba yenyewe haikuambii kitu. Ile 70 ya .45-70 ni kipimo cha baruti nyeusi, kama gramu 4 na nusu. Ya .30-30 pia ilikuwa ni kipimo cha baruti. Lakini .38 Special si .38 kwa kweli, ina unene wa .357. Na .44 Magnum ni .43 ukiipima. Kwa hivyo mtu akikuambia namba kubwa ndiyo bunduki kubwa, mwache.

Kuna mmoja atakuja kuniambia, "Lakini Roosevelt!" Haya, tuzungumze Roosevelt, maana hii moja inatuhusu. Rais wa zamani wa Marekani alishuka Mombasa Aprili 1909, akapanda treni mpaka Kapiti, hapo upande wa Machakos, na kwenye mizigo yake kulikuwa na Winchester 1895, leva ya kaliba ya .405, ambayo aliipenda sana kwa simba. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 safari ile. Mimi hiyo hesabu hunikera, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine. Kwa leo angalia tu hivi: yule alikuwa mtu aliyewinda miaka mingi, alikuja na bunduki kadhaa, na kwa ndovu na faru alikuwa na nyingine ya Kiingereza yenye mitutu miwili. Leva yake ya .405 ilikuwa ya kazi moja. Dada yetu atakuwa na bunduki moja ya kazi zote.

Kuhusu .30-30: ndiyo kaliba iliyoua kulungu wengi wa Marekani tangu 1895, na sina ugomvi nayo. Kichwa cha karibu gramu 10, zaidi ya mita 700 kwa sekunde, inafika mita 150 bila wasiwasi. Teke lake ni la kati. Shida yangu ni mbili. Haina mdogo wake wa bei nafuu vile .357 ina .38, na mtu asiyeweza kununua risasi za mazoezi hafanyi mazoezi. Ya pili ni ya wale wako Ohio, na najua mko wengi: huko ukiwinda kulungu kwa raifo lazima iwe ya risasi yenye ganda lililonyooka, kuanzia .357 hadi .50, na ganda la .30-30 lina shingo. Kwa hivyo ulizia sheria ya jimbo lako kabla ya kulipa. Texas wao hawana hiyo shida.

Wengine watasema aanze na .22. Nakubali kabisa kama atakuwa na bunduki mbili. Lakini kwa kulungu Texas hairuhusu .22 ya kawaida, na hata kama ingeruhusu, nimeshaona mnyama aliyepigwa vibaya na sitaki tena. Hiyo .44 Magnum ni sawa, ni kaka mkubwa wa .357 mwenye hasira. Mzee wa Texas anazo zote mbili na ya .44 ina vumbi.

Jambo moja la mwisho, la usalama, kwa yeyote atakayenunua: leva nyingi huweka risasi kwa bomba lililo chini ya mtutu, zikifuatana, ncha ya moja ikigusa kitako cha nyingine, pale penye fataki. Ndiyo maana vichwa vya risasi zake ni bapa. Ukiweka ya ncha kali ya chuma, teke moja linaweza kulipua bomba mkononi mwako. Kuna zile za ncha laini ya plastiki zilizotengenezewa leva, hizo ni sawa. Soma boksi.

Jana usiku nilimtumia dada mdogo haya yote kwa sauti, dakika 11. Akanijibu, "Kaka, ungeandika tu." Haya, nimeandika. Jumamosi anaenda kwa mzee, amewekewa boksi la .38 na ile .357 ya ghalani, apige kwanza kabla aende dukani. Binamu yangu naye ameamua kuuza ile ya dinosa. Zimebaki risasi 8. Anasema atakayenunua atapewa bure.