Ugali Karamuni: Mkenya Apeleke Chakula Gani?

Mwaliko wa karamu ya kimataifa, ambapo kila mgeni hutarajiwa kufika na chakula cha taifa lake, humtia Mkenya katika mtihani asioujua Mhabeshi. Mhabeshi hufunga injera yake akaenda zake. Mkenya hulazimika kwanza kuitisha kikao. Wakutane ughaibuni wanafunzi watatu waliolelewa Njoro, Molo na Bahati: mmoja atapendekeza mukimo, wa pili mursik, wa tatu ugali kwa sukuma wiki. Baada ya mabishano marefu wataafikiana kupeleka chapati. Chapati ni tamu, hilo halina ubishi, lakini huchaguliwa kwa kuwa haimwakilishi yeyote kati yao, na hapo ndipo penye kasoro.

Kasoro hiyo si ya jikoni pekee. Nakuru ni eneo ambalo jamii nyingi za Kenya zimeishi bega kwa bega tangu enzi za mashamba ya walowezi, na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilidhihirisha jinsi ujirani huo unavyoweza kuvunjwa. Katika mazingira hayo kutaja chakula huwa ni kutaja kabila, na watu hujifunza kunyamaza.

Mursik unastahili heshima ya pekee. Maziwa hugandishwa kwa siku kadhaa ndani ya kibuyu, yaani sotet, kilichosuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet, hadi yapate ile rangi ya kijivujivu na harufu ya moshi. Wanariadha wanaporejea na medali hupokewa kwa kibuyu hicho kwenye uwanja wa ndege, na taifa zima hushangilia bila kuuliza ni cha nani. Hata hivyo, mursik ni kinywaji, tena hauandaliwi kwa jioni moja katika bweni la Leeds. Nyama choma nayo hupendekezwa kwa sauti kubwa, hasa na wanaume. Lakini ni taifa gani lisilochoma nyama?

Hubakia ugali. Wapinzani wake wana hoja nzito. Mahindi asili yake ni Amerika, na katika mashamba ya Bonde la Ufa unga wake ulikuwa posho, mgao aliopimiwa kibarua. Nchini Uganda chakula hicho huitwa posho hadi leo. Hoja hii, hata hivyo, inachanganya unga na ugali. Kabla ya mahindi kulikuwa na wimbi na mtama, na unga wake ulisongwa vivyo hivyo. Kiswahili chenyewe ni shahidi: ugali haukaangwi wala hauokwi, bali husongwa. Kilichorithiwa ni tendo la mwiko, si nafaka. Ndiyo maana katika soko moja la Nakuru Mkikuyu huuita ngima, Mjaluo kuon, Mluhya obusuma, Mkisii obokima, Mkalenjin kimnyet, na wote huitikia neno ugali. Bei ya unga ilipopanda mwaka 2017, hata serikali ikatoa ruzuku ili pakiti ya kilo 2 iuzwe kwa shilingi 90, kilio hakikuwa cha kabila moja.

Malawi haikusita. Mwaka huohuo wa 2017 nsima, ndugu wa damu wa ugali, iliandikishwa na UNESCO katika orodha ya turathi za utamaduni zisizoshikika.

Basi Mkenya na abebe kilo 2 za unga wa wimbi, asonge ugali papo hapo (ugali uliolala hauna utetezi), aweke sukuma wiki kando na awafundishe wenyeji kumega kwa mkono. Kwenye kikaratasi cha kutambulisha sahani aandike UGALI, asiandike "polenta ya Kiafrika". Waitaliano nao walipata mahindi kutoka Amerika, na hakuna anayewadai maelezo.