Una Nini Nyumbani?



Katika 2 Wafalme sura ya 4 tunasoma habari za mjane aliyemlilia nabii Elisha. Mumewe, mcha Mungu, alikufa akaacha deni, na mdai alikuwa njiani kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Tunapenda kuhubiri muujiza wa mafuta, lakini watoto tunawapita haraka mno. Wao ndio waliokuwa walipe deni ambalo hawakulikopa.

Deni la namna hiyo bado linalipwa. Binti wa miaka 12 anatolewa Singida au Iringa kuja Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, kwa sababu kwao mahindi yameisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, tena kazi nyepesi. Lakini baadhi yetu tulioketi ibadani leo, huyo binti tumemwacha nyumbani anafua.

Yuko pia mama wa watoto wanne katika chumba kimoja cha kupanga, baba kibarua hajapata wiki ya pili. Mtoto anamwaga uji uliokuwa mlo wa siku, na kipigo anachopata si cha uji peke yake. Simtetei. Wapo maskini wengi wasioinua mkono, na wapo wenye nacho wanaoumiza watoto nyuma ya geti. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Na wanaoshika Mithali kutetea fimbo wasome pia Waefeso 6:4.

Elisha hakumkemea mama yule kwa madeni. Alimuuliza ana nini nyumbani, kisha akamtuma kwa majirani akaazime vyombo vitupu, tena vingi. Mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Jumuiya zetu hukutana kila wiki, na tunajua vizuri nani hajamaliza mchango wa ujenzi. Mtoto aliyeacha shule muhula huu tunamjua? Mjane aliambiwa pia afunge mlango; hakusimamishwa madhabahuni kupigwa picha na kilo mbili za unga.

Basi jirani anayesikia mtoto akilia kila usiku abishe hodi, na kama ana unga, aende nao. Akikuta majeraha, unga hautoshi. Ofisa ustawi wa jamii yupo, polisi kuna dawati la jinsia na watoto, na simu 116 hupigwa bure. Tukiyamaliza kifamilia, hata mchungaji akiwa kati, usiku ule ule mtoto anarudi kulala nyumba moja na aliyemuumiza.