Nyama Ikikwama Kooni

"Daktari, nyama imenikataa, sasa nanywa uji tu." Maneno haya nayasikia mara nyingi hapa Kericho. Majirani humwambia mgonjwa aache nyama, naye hutii kwa miezi. Ushauri huo unaua! Nyama inayokwama mara kwa mara huenda imezuiwa na saratani ya umio, maradhi ambayo Hospitali ya Tenwek, Bomet, imeyatibu kwa wingi miaka mingi. Uji huficha dalili tu.

Nyama nyekundu ina lawama zake. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema huenda inaleta saratani ya utumbo mpana. Lakini kuhusu umio, mwaka 2016 walitaja vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 65. Chai yetu je? Ipoze kwanza. Na koo likikataa nyama wiki mbili, nenda ukapimwe umio kwa kamera.