Mkulima wa Alizeti Hapotezi Shati

Nimechoka na hadithi za Kiswahili ambamo mfanyabiashara akifilisika eti "anapoteza shati lake". Shati gani? Kalianika wapi? Ukurasa unaofuata kampuni yake "inakwenda tumbo juu", na kufikia mwisho wa sura hesabu zake "ziko kwenye nyekundu". Huyo mhusika anaishi Singida, jamani, na anauza vitunguu.

Nenda Misuna, soko la vitunguu hapa Singida mjini, ukae saa moja tu. Utasikia: kala hasara, kala mtaji, kapigwa, kaliwa, mtaji umekata, kachacha. Hayo yote si visawe. Aliyekula mtaji kautafuna mwenyewe, labda kwa ada ya mtoto, labda kwa pombe. Aliyeliwa, kuna mtu kamla. Aliyekula hasara, mzigo ulimwozea mkononi au bei ilishuka, na kilichobaki kakimeza yeye. Kwa kitenzi kimoja, kula, lugha yetu inatenganisha kosa la mtu, wizi wa mwenzake na balaa la soko. Shati lililopotea halitwambii lolote katika hayo.

Kuna atakayesema lugha zote huazima. Kweli. Hasara ni neno la Kiarabu, na kufilisika kumetoka hukohuko. Lakini hayo tuliyaingiza kwenye sarufi yetu, yakafanya kazi dukani na mahakamani mpaka hakuna anayeyaona mageni. Hata tumbo juu ningeweza kulikubali, maana samaki aliyekufa huelea hivyo, na mvuvi wa Ziwa Singidani anamjua. Ila mwandishi wetu hakumtazama samaki huyo. Kakopi Kiingereza neno kwa neno.

Hili si suala la urembo wa lugha tu. Bajeti ya 2022/23 ilipunguza ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje. Msimu wa 2023 bei ya alizeti ikaanguka vibaya, na mkoa huu, ambao alizeti ndiyo uti wa mgongo wake, ukaumia. Sasa mwandike mkulima huyo. Ukisema alikula mtaji, umemsingizia. Ukisema kapigwa, msomaji atauliza kapigwa na nani, na itabidi riwaya yako imjibu. Ukisema kapoteza shati, hakuna atakayeuliza kitu. Mkulima ataonekana mzembe asiyejua kutunza nguo.

Au chukua lumbesa. Gunia linashindiliwa, linaongezewa kichwa cha wavu juu, halafu linalipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, lakini kila anayelima vitunguu analijua. Neno hilo peke yake ni hadithi nzima ya mtu anayepoteza pesa huku akiangalia kwa macho yake. Ni riwaya ngapi ulizosoma zenye lumbesa ndani yake? Mimi naweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vitabaki.

Wahariri nao wanahusika. Wanasahihisha koma, shati wanaliacha lipite. Safari ijayo mswada ukifika na mhusika aliyefilisika, mrudishieni mwandishi na swali moja pembeni: kala, au kaliwa?