Kuupa Mwaka Jina: Viongozi na Maandalizi ya Mwaka Mpya Lodwar na Kakuma

Kila ufikapo mwezi wa Desemba, ofisi na shule nyingi nchini Kenya hutunga kauli mbiu ya mwaka ujao. Kauli hiyo huandikwa kwa herufi kubwa, hubandikwa ukutani, na aghalabu ifikapo Machi huwa imepaushwa na jua na kusahauliwa. Makala haya hayakusudii kuikejeli desturi hiyo. Yanakusudia kuonyesha kwamba kiongozi anayetaka kuwaandaa wenzake kwa mwaka mpya hana budi kuanza na mwaka uliokwisha, na kwamba busara hiyo imo katika mila za Waturkana wenyewe. Mfano nitakaoutumia ni wa idara za Kiswahili katika shule za Lodwar na Kakuma, kwa kuwa wengi wetu tunaolisoma jarida hili tumekuwa, au tutakuwa, viongozi wa idara kama hizo.

Kwa jadi, Waturkana hawakuuhesabu mwaka kwa tarakimu. Mwaka wao una majira makuu mawili: akiporo, yaani majira ya mvua, na akamu, yaani kiangazi. Jina la mwaka lilitokana na jambo lililowapata watu. Ukame, maradhi ya mifugo na uvamizi wa miaka ya 1979 hadi 1981 ungali unakumbukwa kwa jina la Lopiar, neno lenye maana ya kufagia, kwa kuwa mifugo ilifagiliwa ikaisha. Jambo la kuzingatia hapa ni mpangilio wenyewe. Hakuna aliyeupa mwaka jina kabla mwaka haujamfunza kitu. Sisi wa ofisini hufanya kinyume: tunaupa mwaka jina ungali tumboni, kisha tunashangaa unapozaliwa na sura nyingine.

Vivyo hivyo, kabla ya kuhama, wafugaji huwatuma watu watangulie kwenda kuangalia malisho na maji. Wakirejea, habari zao husikilizwa na kujadiliwa chini ya mti wa wanaume, na ndipo uamuzi hufikiwa. Ni kweli kwamba mti huo ulikuwa na kasoro yake, kwani wanawake, ambao ndio waliojua zaidi hali ya maji na ya watoto, hawakuwa na nafasi ya kuketi hapo. Idara ya leo haiwezi kuiga kasoro hiyo. Hata hivyo kanuni yake inabaki kuwa njema: anayeamua hutanguliza kusikiliza.

Sasa tutazame yanayotendeka shuleni. Mtaala wa Umilisi ulianza kutekelezwa mwaka 2019. Mnamo Desemba 2022 serikali ilitangaza kwamba sekondari ya msingi itakuwa katika shule za msingi, na mwishoni mwa Januari 2023 wanafunzi wa Gredi ya 7 wakaingia madarasani. Kati ya tangazo na kengele ya kwanza palikuwa na takriban miezi miwili, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa likizo. Mnamo Januari 2026 ikawa zamu ya Gredi ya 10. Mwalimu mkuu wa Lodwar hawezi kuyazuia mabadiliko yanayotoka Nairobi. Lakini anaweza kuchagua kama walimu wake watayapokea wakiwa wamoja au kila mmoja akiwa peke yake na waraka mkononi. Mwaka 2023 ungeweza kupewa jina na walimu waliouishi, na jina hilo lingewafaa sana waliokuwa wakijiandaa kuipokea Gredi ya 10. Ni shule ngapi zilizowauliza?

Ukitoka Lodwar kuelekea kaskazini-magharibi kwa kilomita zipatazo 120, unafika Kakuma. Huko swali hili lina uzito zaidi. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Sudan, wengi wao wakiwa wavulana waliotembea bila wazazi. Makazi ya Kalobeyei yakaongezwa mwaka 2016. Leo darasa moja laweza kuwa na mtoto wa Kidinka, wa Kinuer, wa Kisomali, wa Kirundi, wa Kiturkana na wa Kikongo. Mtoto wa Sudan Kusini huenda hajawahi kusikia Kiswahili kabla ya kuvuka mpaka. Mtoto wa Kongo amekuja nacho, lakini ni Kiswahili cha mashariki ya Kongo, ambacho huwaita watoto "batoto". Mwalimu asiyeandaliwa humsahihisha huyu wa pili kwa kalamu nyekundu tangu wiki ya kwanza, mpaka mtoto aliyekuwa mwepesi wa kuzungumza kuliko wote anakuwa bubu. Kosa hilo si la mwalimu peke yake. Ni kosa la idara iliyoanza mwaka kwa kugawana vipindi na vitabu vya kiada bila kuulizana: ni akina nani watakaoketi mbele yetu, nao wanakuja na lugha zipi?

Kwa maoni yangu, mkutano wa kwanza wa idara, kabla ya maazimio ya kazi kuandikwa, ushughulikie mambo matatu.

Kwanza, mwaka uliopita upewe jina. Kila mwalimu aeleze jambo moja lililofaulu katika darasa lake na moja lililoshindikana, naye mkuu wa idara awe wa mwisho kusema. Akianza yeye, wengine watarudia maneno yake kwa adabu tu. Pasitolewe lawama wala sifa. Mwishoni wakubaliane jina: pengine mwaka wa madarasa kufurika, au mwaka wa insha zilizonakiliwa. Jina la namna hiyo hudokeza kazi ya mwaka unaofuata, jambo ambalo kauli mbiu ya ukutani haliwezi.

Pili, idara ijiandae kwa kuondoka kwa watu. Lodwar walimu huhamishwa. Kakuma walimu wengi ni wakimbizi wanaolipwa posho, na mmoja aweza kupata nafasi ya kuhamia nchi ya tatu akaondoka katikati ya muhula. Akiondoka, huondoka na yote aliyoyajua kuhusu wanafunzi wake. Kwa hiyo kila darasa liwe na daftari la makabidhiano: nani anasoma kwa shida, nani ni malenga wa darasa, tumefika wapi katika fasihi simulizi. Gharama yake ni daftari moja na dakika kumi kila Ijumaa.

Tatu, mpango ufuate majira ya mahali. Januari ya kalenda huangukia ndani ya akamu, wakati ambapo familia nyingi za wafugaji ziko mbali zikitafuta maji. Mpango unaodhani kwamba darasa limejaa wiki ya kwanza utakuwa umewaacha nje watoto wa wafugaji kabla haujaanza. Ni afadhali wiki mbili za mwanzo zitumike kwa masimulizi, vitendawili na mazungumzo, na mada ngumu za sarufi zingoje.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno tu, na kwamba tatizo la Kakuma ni fedha. Pingamizi hili si dogo. Mwaka 2025 mgawo wa chakula ulipunguzwa sana baada ya misaada ya wafadhili kupungua, na hakuna mkutano wa idara unaoweza kumshibisha mtoto. Mwanafunzi mwenye njaa haelewi ngeli, hata zikifundishwa vizuri namna gani. Wala kiongozi asiwadanganye walimu wake kwamba ari yao itaziba pengo la chakula. Wakigundua uongo huo, hawatamwamini tena. Lakini pale kidogo kinapogawanywa ndipo maarifa huhitajika zaidi. Mfugaji mwenye ng'ombe watatu huutafakari uhamaji wake kwa makini kuliko mwenye mia tatu, maana akikosea hana cha kubakiza.

Wenzangu katika chama hiki, sisi husoma kwa kina jinsi jamii zinavyohifadhi historia katika majina, methali na nyimbo, kisha tukipewa uongozi tunauweka usomi huo kabatini. Hatuna sababu ya kuendelea hivyo. Watakaokwenda mazoezi ya kufundisha Turkana au kwingineko na waombe kuhudhuria mkutano wa kwanza wa idara, na wakiruhusiwa kusema, waulize swali moja tu: mwaka uliopita ulikuwa mwaka wa nini? Kama walimu watatazamana bila jibu, hapo ndipo maandalizi ya mwaka mpya yaanzie.